Shiva na Sumu Iliyobaki Kooni

Muulize mtu yeyote aliyesoma kidogo kuhusu dini za dunia Shiva ni nani, na jibu litakuja haraka: mungu wa maangamizi. Brahma anaumba, Vishnu anatunza, Shiva anabomoa, habari imekwisha. Jibu hilo nimekutana nalo mara nyingi, na kila mara linaniacha na njaa, kwa sababu hadithi zenyewe, zile ambazo Wahindu wamesimuliana karne na karne, hazielekei huko. Zisome moja baada ya nyingine, utamkuta mungu mwenye kazi tofauti kabisa. Panapotokea kitu cha hatari ambacho hakuna awezaye kukimeza wala kukitupa, yeye hukishika. Hukishika kooni, kichwani, kiganjani, chini ya unyayo. Na pale anaposhindwa kushika vizuri, dunia nzima huumia.

Tuanze na bahari ya maziwa. Miungu walikuwa wameishiwa nguvu, wakashauriwa na Vishnu waipekeche bahari hiyo mpaka itoe amrita, kinywaji cha kutokufa. Kazi ilizidi uwezo wao, kwa hiyo ikabidi wapatane na mahasimu wao wa siku zote, asura. Mlima Mandara ukawa upekecho. Nyoka Vasuki akazungushwa mlimani akawa kamba, asura wakivuta upande wa kichwa na miungu upande wa mkia. Mlima ulipoanza kuzama kwa uzito wake, Vishnu akajigeuza kasa, akaubeba mgongoni, wakaendelea kuvuta.

Walichotazamia ni amrita. Kilichotangulia kutoka ni sumu. Inaitwa halahala, na Bhagavata Purana, kitabu cha kale cha hadithi za miungu, inasema ilisambaa pande zote, juu na chini, wala hapakuwa na wa kuizuia. Hapo washiriki wote wa ile shughuli, waliokuwa wakigombania hata nani ashike kichwa cha nyoka, wakakimbilia kwa Shiva mlimani Kailasa. Yeye hakuwa ameomba fungu lolote katika amrita.

Napenda sana kinachofuata. Kabla ya kufanya lolote, Shiva anamgeukia mkewe. Anamwonyesha jinsi viumbe wanavyoteseka, anamwambia kwamba mwenye uwezo ana wajibu wa kuwalinda wanaohangaika kuishi. Mkewe, anayemjua mumewe, anaridhia. Ndipo Shiva anaikusanya sumu yote kiganjani na kuinywa. Masimulizi yanayopendwa zaidi na watu yanaongeza kwamba Parvati alimkaba koo pale pale, sumu isipite. Ikishuka tumboni inaangamiza vilivyomo ndani yake, na ndani yake umo ulimwengu. Ikitapikwa inarudi walikokimbia watu. Basi ikabaki kooni, na koo likageuka buluu. Tangu hapo akaitwa Nilakantha, mwenye koo la buluu. Matone machache yaliyomponyoka kiganjani yakanywewa na nge, nyoka na mimea yenye sumu, na ndiyo asili ya sumu zao.

Sumu ile haikuyeyuka, na hakuna mahali inaposemwa kwamba Shiva aliigeuza asali. Ipo pale mpaka leo, inachoma. Ukiingia katika hekalu lake utaona, mara nyingi, chombo kimening'inizwa juu ya linga, lile jiwe lililosimama lisilo na uso wala mikono ambalo ndilo kitovu cha ibada yake. Chombo kina tundu dogo chini, maji yanadondoka tone kwa tone mchana kutwa. Watu humimina pia maziwa, huweka majani ya mti wa bilva. Zipo sababu nyingi zinazotolewa, lakini waumini wengi watakuambia wanampoza. Mungu aliyewaokoa bado ana homa ya sumu ile, nao wanamuuguza. Hata hilali iliyo kwenye nywele zake wapo wanaosema imewekwa pale kwa ubaridi wake. Sijui dini nyingine nyingi ambamo muumini anaingia hekaluni kumhudumia Mungu wake kama mtu anavyomkanda mgonjwa wa nyumbani kwake.

Hadithi ya mto Ganga ina umbo lile lile. Wana 60,000 wa mfalme Sagara waliteketezwa wakawa majivu kwa jicho la mtawa Kapila, waliyemsumbua katika kutafakari kwake. Roho zao hazikuwa na pa kwenda. Vizazi vikapita, mpaka Bhagiratha akajinyima na kuomba miaka mingi ili Ganga, mto wa mbinguni, uteremke kuyaosha majivu ya jamaa zake. Ombi likakubaliwa, ila likaja na tishio: mto ule ukianguka kutoka mbinguni utaipasua ardhi. Nani ataupokea? Shiva akasimama, akatandaza nywele zake. Ramayana, utenzi wa kale wa habari za shujaa Rama, inasimulia kwamba Ganga alikuja na kiburi, akidhani atamsukuma Shiva mpaka kuzimu, akajikuta amepotea ndani ya zile nywele, anazunguka miaka bila kuona njia ya kutokea. Kisha Shiva akamwachia kidogo kidogo, katika vijito ambavyo ardhi iliweza kuvihimili. Maji yaleyale yaliyokuwa yaue yakawa ya kunywa na ya kuogea.

Hakuwa mpole hivi tangu mwanzo. Katika Rigveda, maandiko ya kale kuliko yote ya Kihindu, yupo Rudra, ambaye baadaye ndiye alikuja kuitwa Shiva, mungu wa porini mwenye upinde, ambaye mishale yake huleta maradhi kwa watu na mifugo, na ambaye pia ni tabibu mwenye dawa kuliko wengine. Yajurveda ina sala ndefu inayomwangukia: legeza uzi wa upinde wako, geuza mishale yako iende kwingine, usimpige mkubwa wetu wala mdogo wetu. Humo ndimo yalimo maneno "namah shivaya", ambayo leo ni sala ya mamilioni ya watu. Wanaoomba wanajua kwamba wanaongea na mwenye uwezo wa kuwaua, na ombi lao ni kwamba ajizuie. Nadhani Shiva mzima ametoka katika ombi hilo.

Sasa nifike kwenye sanamu, maana hapo ndipo mimi nilipoanzia. Nataraja, mfalme wa dansi, ni umbo la Shiva lililoenea duniani kuliko mengine, na walioifikisha sanaa hiyo kileleni ni mafundi wa enzi ya Chola, kusini mwa India, kati ya karne ya 9 na ya 13. Malkia mmoja wa ukoo huo, Sembiyan Mahadevi, aliyeishi karne ya 10 na kubaki mjane miaka mingi, alijenga upya mahekalu ya matofali kwa mawe na anahusishwa sana na kuenea kwa sanamu za Nataraja. Fundi alifinyanga sanamu nzima kwa nta, mpaka njuga na shanga. Akaifunika kwa udongo, akaiweka motoni, nta ikayeyuka na kutoka, shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa mahali ilipokuwa nta. Ili kuitoa sanamu, kalibu lazima livunjwe. Kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizotoka kalibu moja. Mji wa Swamimalai katika jimbo la Tamil Nadu bado una mafundi wanaofanya kazi hivyo.

Nilisimama mbele ya Nataraja mmoja katika jumba la British Museum, London, na sikutaka kuondoka. Anacheza ndani ya duara la ndimi za moto. Ana mikono minne. Mkono wa kulia wa nyuma umeshika damaru, ngoma ndogo yenye kiuno, inayopiga mdundo wa kuumba. Mkono wa kushoto wa nyuma umebeba moto. Utazame mkono huo: moto umekaa kwenye kiganja kilichokunjuka, vidole vimetulia, kama vile umebeba ua. Mkono wa kulia wa mbele umeinuliwa, kiganja kinakutazama, kukuambia usiogope. Wa kushoto wa mbele umekatiza kifua, umelegea kama mkonga wa tembo, unaelekeza kwenye mguu wa kushoto ulioinuliwa hewani. Sikio la kulia limevaa kipuli cha kiume, la kushoto cha kike, kwa kuwa Parvati ni nusu ya mwili wake. Nywele zimeruka pande zote kwa kasi ya dansi, na ndani yake Ganga, kisanamu kidogo cha mwanamke, amekunja mikono. Uso wenyewe hauchezi. Mwili wote uko katika mwendo, uso umetulia.

Maandiko ya Kitamil ya Washaiva, wafuasi wa Shiva, yanasoma matendo matano katika mwili huo: kuumba ni ngoma, kulinda ni mkono wa usiogope, kuangamiza ni moto, kuficha ni mguu uliokanyaga chini, na kuneemesha ni mguu ulioinuliwa. Matano. Maangamizi ni moja tu kati yake, na hata hilo limebebwa kiganjani.

Mara nyingi macho ya watazamaji huishia kwenye duara la moto. Wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, wana Nataraja wa mita 2 aliyetolewa na serikali ya India mwaka 2004, na wapo waliofananisha dansi yake na mwendo wa chembe ndogo za maada. Ulinganifu mzuri, sina ugomvi nao. Mimi hushuka chini, kwenye unyayo wa kulia, ambako amelala mbilikimo anayeitwa Apasmara. Ni usahaulifu, ujinga, ile hali ya mtu kutojijua. Hadithi inasema watawa wa msituni, waliojivunia ibada zao na kumchukia Shiva alipowajia kwa sura ya ombaomba mzuri, walimtumia chui milia mkali, akamchuna ngozi akaivaa. Wakamtumia nyoka, akamvaa shingoni. Wakamtumia mbilikimo huyu, akamkanyaga na kuanza kucheza.

Hakumuua. Wapo walimu wanaoeleza kwamba ujinga ukifa kabisa, maarifa yatapatikana bila jitihada na yatakosa thamani, kwa hiyo lazima ubaki hai, ukiwa umekanyagwa. Maelezo hayo yananitosha nusu. Nusu nyingine naiona kwenye shaba: katika sanamu nyingi mbilikimo ameinua kichwa, macho wazi. Shiva akisimamisha dansi na kuinua mguu ule, mbilikimo atainuka. Kwa hiyo dansi haina mapumziko. Ni kazi.

Sanamu hizi hazikutengenezwa zikae nyuma ya vioo. Zilivishwa hariri na maua mpaka mwili usionekane, zikabebwa mabegani kuzunguka mji, ili mungu awaone wasioweza kufika hekaluni. Nyakati za vita makuhani walizifukia ardhini, na baadhi zilisahaulika huko kwa karne kadhaa. Mwaka 1976, katika kijiji cha Pathur, kibarua mmoja aliyekuwa akichimba aligonga chuma chake kwenye Nataraja. Ikauzwa, ikapita mikononi mwa madalali, ikaibukia London kwa karatasi za uongo, kampuni moja ya Kanada ikainunua. Polisi walipoikamata, kesi ikaenda mahakamani Uingereza, na miongoni mwa wadai likawemo hekalu lenyewe la Pathur, kwa kuwa sheria ya India inalitambua hekalu kuwa na haki zake kama mtu. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilikubali dai la hekalu, na Nataraja akarudishwa India mwaka huo huo. Nikisoma habari za majumba ya makumbusho na mali za watu, kesi hii huwa naikumbuka kwanza. Swali lililoulizwa mahakamani lilikuwa sahihi: huyu anaishi wapi?

Kwa Nataraja wote, nyumbani ni Chidambaram. Hekalu hilo, pia katika Tamil Nadu, ni mojawapo ya matano ambamo Shiva huabudiwa katika viasili vitano: ardhi Kanchipuram, maji Thiruvanaikaval, moto Tiruvannamalai, hewa Kalahasti, na Chidambaram anga. Kwenye kuta za njia za kuingilia, chini ya minara, zimechongwa karana 108, mikao ya dansi ambayo wachezaji wa Bharatanatyam wanaisoma mpaka leo. Ndani, chini ya paa la dhahabu, yupo Nataraja wa shaba. Pembeni yake lipo pazia. Kuhani akilifunua, unaona mikufu ya majani ya bilva ya dhahabu ikining'inia mbele ya ukuta. Nyuma ya majani hapana kitu. Nafasi tupu. Hiyo inaitwa siri ya Chidambaram, na watu husafiri mbali kuja kuitazama. Mungu mwenye mikono minne na yule asiye na umbo wamekaa chumba kimoja, bega kwa bega, na hakuna anayeulizwa achague.

Nilisema kwamba kuna mahali alishindwa. Ni hadithi ya Sati, mke wake wa kwanza. Baba yake, Daksha, hakumpenda mkwe huyu anayejipaka majivu na kukaa penye kuchomea maiti. Akaandaa kafara kubwa, akaalika miungu wote isipokuwa Shiva. Sati akaenda bila mwaliko. Daksha akamtukana mumewe mbele ya wageni, na Sati, kwa aibu na uchungu, akautoa uhai wake pale pale. Habari zilipomfikia Shiva hakukuwa na kitu cha kushika. Aling'oa shungi la nywele zake, zile nywele zilizozuia mto, akalipiga chini, akatoka Virabhadra, kiumbe wa ghadhabu, aliyeivunja kafara na kumkata Daksha kichwa. Baadaye Shiva aliwasamehe, Daksha akarudishiwa uhai na kupewa kichwa cha mbuzi.

Ghadhabu iliisha, msiba ukabaki. Aliuinua mwili wa Sati, akauweka begani, akatembea dunia nzima akiomboleza. Aliyejua kushika kila kitu alishika sasa kitu ambacho kingetakiwa kuachwa, na dunia ikaanza kutikisika. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Vishnu akamfuata nyuma, akaukata mwili kipande kwa kipande kwa chakra yake, silaha ya duara yenye makali, mpaka bega likabaki tupu. Kila kipande kilipoanguka pakawa mahali patakatifu pa mama, na orodha inayojulikana zaidi inahesabu 51. Kamakhya, Assam, ni mojawapo. Kalighat, Kolkata, ni nyingine. Hinglaj, katika jangwa la Balochistan, Pakistan, bado inapokea mahujaji. Ramani nzima ya ibada ya mungu wa kike katika bara lile imechorwa na mwanamume aliyeshindwa kumzika mkewe. Nimezika, na sijawahi kusoma maelezo ya msiba yaliyonifikia kama haya.

Baada ya hapo alijifungia katika kutafakari, na haikuwa rahisi kumtoa. Miungu walimtuma Kama, mungu wa mapenzi, mwenye upinde wa muwa na mishale ya maua. Shiva akafumbua jicho la tatu, Kama akawa majivu. Aliyemrudisha Shiva kwenye maisha ni Parvati, Sati aliyezaliwa upya, na alimrudisha kwa njia ya Shiva mwenyewe: alikaa milimani, akajinyima hata majani makavu. Kama naye alirudishwa, bila mwili, ndiyo maana mapenzi hayaonekani yanapoingia.

Pwani yetu imeishi na waabudu wa Shiva muda mrefu. Forodha ya Zanzibar enzi za Sayyid Said ilikodishwa kwa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ambaye jina la mungu huyu limo katika jina lake. Mji Mkongwe una hekalu la Shiva na Shakti, mungu wa kike, mtaa wa Hurumzi, na ndugu zetu walioko Muscat wanalijua lile lililo karibu na kasri la Al Alam. Tumenunua kwao vitambaa na viungo, tumekula chapati na bajia zao mpaka zikawa zetu, tuna methali kuhusu viatu vyao, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza ni hadithi gani inasimuliwa ndani ya ile milango. Hilo linaniuma, maana majirani hawakuwa wakificha.

Kila mwaka, Februari au Machi, usiku mmoja kabla ya mwezi kuandama, wanakesha. Ni Maha Shivaratri. Wanafunga, wanagawa usiku katika zamu nne, kila zamu wanaosha linga. Hadithi wanayosomewa usiku huo, kutoka Shiva Purana, ni ya mwindaji aliyekuwa na njaa, na nyumbani watoto wakimsubiri. Giza likamkuta msituni, akapanda mti wa bilva karibu na maji kuvizia mnyama. Hakujua kwamba chini ya mti kuna linga. Paa jike akaja kunywa. Mwindaji akavuta uzi wa upinde, mti ukatikisika, majani na maji ya kibuyu chake yakaanguka kwenye jiwe. Paa akamwomba: niache nikawaage watoto wangu, nitarudi. Mwindaji akasita, akamwacha. Zamu ya pili akaja jike mwingine, akaomba vilevile. Zamu ya tatu akaja dume. Kila mara uzi ulivutwa, kila mara majani yakaanguka, kila mara mshale ukazuiwa. Kulipokucha walirudi wote pamoja na watoto wao, kila mmoja akitaka afe yeye wengine wabaki. Mwindaji akashusha upinde, akawaambia waende. Shiva akamtokea hapo, akamwita kwa jina jipya, Guha, na kumwahidi kwamba siku moja Rama mwenyewe atapita kwake na kuwa rafiki yake.